Badilisheni mtihani kabla ya kununua kompyuta: barua ya wazi kwa wasimamizi wa somo la takwimu

Kwa wakuu wa vyuo na shule, wakuza mitaala, na ninyi mnaokaa kutunga na kusahihisha mitihani ya takwimu.

Waheshimiwa, salamu.

Sitawazungusha. Ombi langu ni moja: kabla ya kununua kompyuta nyingine au kulipia jukwaa jingine la masomo ya mtandaoni kwa ajili ya somo la takwimu, badilisheni mtihani wa somo hilo.

Nafundisha takwimu. Maabara tunayo, projekta ipo, na jukwaa la mtandaoni lina jina zuri na nywila ambayo nusu ya darasa huisahau. Lakini ikifika siku ya mtihani wa mwisho, mwanafunzi huingia na kikokotoo na karatasi ya fomula, akapewa namba kumi na mbili zisizo na asili wala maana, akaambiwa atafute wastani na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani) na aonyeshe njia. Anajua tangu wiki ya kwanza kwamba swali hilo litakuja, maana karatasi za miaka iliyopita zinazunguka mikononi mwa kila mtu. Ukimwita maabara achunguze data, anakuja kwa heshima tu, kisha anauliza kwa upole: "Mwalimu, hili litatoka?" Ukimjibu kwamba halitatoka, umempoteza. Simlaumu. Ana ada ya kulipa na matokeo ya kupeleka nyumbani, na mtihani wenu umemwambia waziwazi nini kina thamani.

Hesabu za mkono zilikuwa na sababu zake. Mwanatakwimu Ronald Fisher alipotoa mwongozo wake wa mbinu za takwimu kwa watafiti mwaka 1925, kurudia jaribio moja mara elfu kumi ilikuwa kazi ya kumzeesha mtu. Watafiti walihitaji fomula fupi na majedwali ya kuangalizia majibu, wakapewa. Majedwali ya namna ileile ndiyo tunayoyachapisha mpaka leo nyuma ya karatasi ya mtihani. Mwaka 2007 mwanatakwimu wa Marekani George Cobb alieleza jambo ambalo walimu wengi walikuwa wakilinong'ona: mengi tunayofundisha kwenye kozi ya kwanza yaliwekwa pale kwa sababu nguvu ya kukokotoa haikuwapo, na sababu hiyo imekwisha kuondoka huku mtaala ukibaki palepale.

Tena waliotuachia fomula hizo wenyewe walizijaribu kwa mikono kabla ya kuziamini. William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, ndiye aliyetupa jaribio la t, kipimo cha kutathmini wastani wa sampuli ndogo, katika makala ya mwaka 1908 aliyoitia sahihi ya jina la Student. Alichukua vipimo vya wahalifu 3,000, yaani kimo chao na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, akaviandika kwenye vipande 3,000 vya kadibodi, akavichanganya barabara na kuvichomoa kwa nasibu mpaka akapata sampuli 750 za watu wanne wanne. Miongo kadhaa baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanahisabati John Kerrich alizuiliwa nchini Denmark, na humo kizuizini akarusha sarafu mara 10,000. Upande wa kichwa ulitokea mara 5,067.

Leo jaribio zima la Kerrich ni mstari mmoja wa amri kwenye kompyuta, na jibu linarudi kabla hujainua kidole. Naomba mnivumilie nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo kompyuta inapofanya kitu ambacho ubao hauwezi.

Waambie wanafunzi wabashiri kwanza. Sarafu ikirushwa mara 10,000, idadi ya vichwa itakuwa mbali na 5,000 kwa kiasi gani? Wengi watasema kwa kiasi kidogo mno, kwa sababu mambo "husawazika" yakirudiwa sana. Kisha washeni uigaji, yaani kompyuta iigize kurusha sarafu. Kwenye grafu ya kwanza, sehemu ya vichwa inarukaruka katika mirusho ya mwanzo, halafu inatulia karibu na nusu, kama walivyotarajia. Kwenye grafu ya pili, inayoonyesha tofauti kati ya idadi ya vichwa na nusu ya mirusho, hakuna utulivu: tofauti inatangatanga, na kadiri mirusho inavyoongezeka ndivyo inavyoelekea kupanuka. Kerrich alimaliza na vichwa 67 vya ziada, na bado sehemu yake ilikuwa 0.5067. Mwanafunzi aliyeamini kwamba baada ya kukosa kichwa mara tano mfululizo "kinadaiwa" anaona kwa macho yake kwamba sarafu haina daftari la madeni. Nimewahi kulieleza hilo kwa chaki, na kwa chaki halishiki.

Halafu linakuja swali zito. Je, 67 ni nyingi? Sarafu ya Kerrich ilikuwa na hila? Rudieni jaribio lote la mirusho 10,000 mara 1,000, kwa sarafu ya kompyuta tunayojua haina hila, mhesabu ni mara ngapi tofauti ilifika 67 au zaidi kwa upande wowote. Itatokea takriban mara 180. Basi 67 si ya kushtua. Darasa limekwisha kukokotoa thamani ya p bila kutamka herufi hiyo, na ukimuuliza yeyote amefanya nini atakujibu kwa maneno yake: tumeangalia, kama hakuna hila, jambo la namna hii hutokea mara ngapi. Kwenye mtihani wetu wa sasa mwanafunzi huyohuyo angetafuta namba kwenye jedwali na kuandika sentensi ya kukariri kuhusu nadharia tete. Angepata alama zote, na asingeweza kumweleza mdogo wake maana yake. Si yeye peke yake. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kililazimika kutoa tamko kwa sababu watafiti wenye shahada za juu wanaitumia thamani ya p vibaya.

Nije kwenye hayo majukwaa ya mtandaoni. Kinachoitwa kujifunza kwa mtandao katika vyuo vingi ni nukuu zilizopakiwa kama faili, video ya mhadhiri akisoma slaidi zake, na maswali ya kuchagua yanayojisahihisha yenyewe. Moodle, ambayo ni bure na inatumika karibu kila mahali, inaweza hata kumpa kila mwanafunzi swali lenye namba zake tofauti. Huzuia kunakili, sawa, ila mwanafunzi bado anakokotoa tu. Na siku hizi zipo programu za akili bandia zinazomaliza hesabu hizo pamoja na kuonyesha njia, kwa hiyo zoezi la nyumbani la aina hiyo halipimi tena chochote.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo jukwaa la mtandaoni hulifanya vizuri kuliko darasa la ana kwa ana, nami nashangaa halitumiki. Weka faili moja kubwa la data. Kila mwanafunzi achomoe sampuli yake ya watu 30 kwa nasibu, atafute wastani, autume kwenye jukwaa. Kwenye kozi ya wanafunzi 200 utapata wastani 200, na hakuna aliyekosea ingawa majibu yanatofautiana. Yapange kwenye histogramu moja na umwambie kila mtu atafute jibu lake lilipo. Yupo aliye katikati ya kundi, yupo aliye pembeni kabisa, na huyo wa pembeni ndiye atakayeuliza swali la maana: ningejuaje kuwa niko pembeni kama ningekuwa peke yangu? Kutoka hapo, somo la kukadiria kwa masafa (kutoka namba hii hadi ile) badala ya namba moja linajileta lenyewe. Idadi kubwa ya wanafunzi, ambayo kwa kawaida ni kilio chetu, hapa inageuka kuwa kifaa.

Sasa mtihani. Najua jibu litakalokuja kwanza: hatuna kompyuta za kutosha kuwakalisha watahiniwa wote kwa pamoja, na umeme ukikatika je? Hamhitaji kompyuta kwenye chumba cha mtihani. Chapisheni matokeo ya kompyuta kwenye karatasi, muulize yanasema nini.

Mfano wa kwanza. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitengeneza makundi manne ya data, kila moja lenye jozi 11 za namba. Yote manne yana wastani wa x wa 9, wastani wa y wa 7.5, kipimo cha uhusiano cha takriban 0.82, na mstari uleule wa mwelekeo: y ni 3 kujumlisha nusu ya x. Mtahiniwa wetu wa kikokotoo atakokotoa yote manne, atapata majibu yaleyale, na atatuzwa alama kamili mara nne. Chora grafu nne uone. La kwanza ni mtawanyiko wa kawaida. La pili ni mpindo laini ambao mstari ulionyooka hauufai hata kidogo. La tatu lina nukta kumi zilizojipanga sawasawa na moja iliyokaidi ikauvuta mstari. La nne lina x moja tu kwa nukta kumi, yaani 8, na nukta ya mwisho iliyokaa peke yake kwenye 19 ndiyo iliyobeba uhusiano wote. Chapisha grafu hizo nne na muhtasari mmoja wa namba, uliza: katika lipi kati ya haya ungekubali kutumia mstari huu kubashiri, na kwa nini? Swali lina mistari miwili. Kulijibu kunataka mtu aliyewahi kutazama data nyingi kwenye kioo cha kompyuta.

Mfano wa pili ni mtamu zaidi. Data za maombi ya masomo ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa mwaka 1973 zinakuja ndani ya R, programu ya bure ya takwimu, kwa idara sita kubwa. Wanaume 2,691 waliomba, wakakubaliwa 1,198, yaani asilimia 45. Wanawake 1,835 waliomba, wakakubaliwa 557, yaani asilimia 30. Ubaguzi dhahiri? Fungua idara moja moja. Idara A ilikubali wanaume 512 kati ya 825, asilimia 62, na wanawake 89 kati ya 108, asilimia 82. Idara F ilikubali asilimia 6 ya wanaume na asilimia 7 ya wanawake. Wanawake wengi walikuwa wameomba idara ambazo ziliwakataa waombaji wengi, wanaume kwa wanawake. Mpe mtahiniwa jedwali lote na umwambie: andika aya moja ya gazeti, kwa msomaji asiyesoma takwimu, ukieleza kama chuo kiliwabagua wanawake. Fomula yoyote ile haimsaidii. Atalazimika kufikiri ni kipi kilinganishwe na kipi, na pia kukiri kwamba data hizi hazituelezi kwa nini wanawake walielekea idara zile. Mwenye kuliona hilo la mwisho ningemwongezea alama.

Wapo watakaosema kompyuta itawafanya vijana kuwa wavivu wa kufikiri. Hofu hiyo siidharau. Kompyuta haina haya: ukiandika jinsia kwa namba, 1 kwa mwanamume na 2 kwa mwanamke, ukaiomba wastani wa jinsia, itakupa 1.43 bila kukunja uso. Nimesahihisha ripoti zenye namba za aina hiyo, zikiwa na desimali nne na fremu ya rangi. Hata wakubwa huteleza. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi iliyonukuliwa sana na wanasiasa. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipewa zoezi la darasani la kurudia uchambuzi wa makala iliyokwisha kuchapishwa, akaichagua hiyo, na hesabu zikakataa kuoana. Alipopata lahajedwali lenyewe la waandishi, yaani faili lao la hesabu la kompyuta, aliona fomula ya wastani imeziruka nchi tano. Yeye na walimu wake walichapisha marekebisho mwaka 2013: kwa nchi zenye deni kubwa, ukuaji uliotajwa kuwa asilimia -0.1 ulitoka asilimia 2.2. Kosa la lahajedwali lilikuwa sehemu tu ya tofauti hiyo. Kubwa zaidi lilikuwa ni data gani ziliachwa nje na jinsi nchi zilivyopewa uzito, na hayo ni maamuzi ya binadamu.

Kwa hiyo dawa ya uvivu ni zoezi kama lile alilopewa Herndon: chukua uchambuzi wa mtu, urudie, useme kama unasimama. Kumrudisha kijana kwenye kikokotoo hakumfundishi kushuku. Kunamzoesha kuamini kwamba jibu likishapatikana kazi imekwisha.

Mkono usiondoke kabisa, lakini. Mkengeuko sanifu ukokotolewe kwa mkono mara moja, kwa namba tano ndogo, ili mtu aone ni umbali gani unaopimwa. Sarafu halisi zirushwe na karata halisi zichanganywe kabla ya kugusa kitufe, la sivyo uigaji unakuwa mchezo wa video. Baada ya hapo mashine iachiwe kazi ya mashine.

Kuhusu ununuzi nitakuwa mfupi, kwa sababu hakuna mengi ya kununua. R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni programu huria, toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000, na ikishasakinishwa inafanya kazi bila intaneti, data za Anscombe na za Berkeley zikiwa ndani. Anayeogopa kuandika amri ana Jamovi na JASP, zenye menyu na zisizolipiwa. Aliyezoea SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, ana PSPP, mbadala wake wa bure. Kwa watoto wa sekondari, lahajedwali la kawaida linatosha kwa muda mrefu. Leseni za kulipia zina ubaya mmoja ambao haujadiliwi mnaposaini mikataba: siku mwanafunzi anapohitimu, chombo alichojifunzia kinabaki chuoni. Na kabla hamjachagua menyu nzuri zenye picha, waulizeni wanafunzi wasioona. Programu inayoendeshwa kwa maandishi husomeka kwa urahisi na visoma skrini, na R ina kifurushi kiitwacho BrailleR, kazi ya Jonathan Godfrey, mwanatakwimu asiyeona wa New Zealand, kinachoeleza grafu kwa maneno.

Fedha mtakayookoa kwenye leseni ipelekeni kwa walimu. Wengi wetu tulifundishwa kwa fomula na jedwali, na semina ya siku mbili ya "bonyeza hapa, kisha hapa" haibadilishi hilo. Mwalimu anahitaji muda wa kuandaa faili za data, kuzisafisha, kuondoa majina ya watu humo, na kukaa na mwenzake aliyekwisha kufundisha hivyo. Vilevile anahitaji muda wa kusahihisha. Hapa siwafichi: aya ya maelezo haisahihishwi kwa kasi ya jibu la 4.7. Mwenye watahiniwa 300 atahitaji maswali machache zaidi, mwongozo wa alama uliojaribiwa kabla, na wasahihishaji wanaokaa pamoja kulinganisha. Msiyaruke haya, maana mkibadilisha maswali bila kubadilisha saa za kusahihisha, msimu wa pili tu maswali ya kuchagua yatarudi kimyakimya.

Wala hoja hii si ya mwalimu mmoja mwenye kinyongo. Walimu wa takwimu wa dunia wamekuwa wakikutana kujadili ufundishaji wa somo lao kila baada ya miaka minne tangu Sheffield mwaka 1982, na mwaka 2002 walikutana Cape Town. Mwongozo wa Chama cha Takwimu cha Marekani, uliotolewa mwaka 2005 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2016, unataka data halisi, teknolojia ya kuchunguzia dhana, na upimaji unaoendana na hayo. Hayo mawili ya kwanza huwa yanaingia kwenye hotuba za uzinduzi wa maabara. La tatu ndilo ninaloliomba.

Ninachopendekeza kifanyike kwanza ni hiki. Toeni karatasi ya mfano, mwaka mzima kabla ya mtihani wenyewe, yenye angalau nusu ya alama kwa maswali ya kusoma matokeo na kueleza. Ipelekeni kwa walimu na wanafunzi siku moja. Maabara zitajaa zenyewe. Na mkiitisha kikao cha kuitunga karatasi hiyo, waiteni walimu walio madarasani pamoja na faili zao za data, na muwape wanafunzi wachache waliofaulu mtihani wa zamani waijaribu kabla haijatoka.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa takwimu